Gari la Dizeli Linalochoka Mlimani

Wanafunzi wenzangu, na ninyi mliotutangulia ambao sasa mna magari yenu wenyewe, naomba nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili nieleze jambo moja la mitambo. Nalo ni hili: gari la dizeli lililozeeka, ambalo saa mbili asubuhi lina nguvu, na saa tatu limechoka kama punda, kisha likipumzika kidogo linapona lenyewe. Ugonjwa wa namna hii huwatia watu hasara kuliko ugonjwa wa kudumu, kwa sababu gari likifikishwa kwa fundi linakwenda vizuri, na fundi asiyeuona ugonjwa hubahatisha dawa.

Kila aliyepanda barabara itokayo Bujumbura kwenda Bugarama anaijua ilivyo. Mji uko karibu na ziwa, kimo cha mita 780 hivi juu ya bahari; baada ya kilomita kama 35 tu mtu amekwisha kupita mita 2,000. Njia ni kona juu ya kona. Malori hupanda polepole, na nyuma ya malori vijana wa baiskeli wameshika chuma kwa mkono mmoja ili wavutwe mpaka juu. Mahali kama hapo gari likikatika nguvu ghafula, huku nyuma yako kuna lori na kijana wa baiskeli, si jambo la kucheka. Tena yafaa kujua kwamba katika magari mengi ya dizeli breki husaidiwa na pampu inayozungushwa na injini. Injini ikizimika kabisa, msaada huo hubaki wa kukanyaga mara mbili tatu, kisha pedali huwa ngumu kama jiwe, na usukani nao huwa mzito.

Mimi ninayo pikapu, Toyota Hilux ya mwaka 1994, yenye injini iitwayo 3L. Ni ya silinda nne, ujazo wake sentimita 2,779, wala haina tabo. Mwaka 2023 ilianza kunisumbua. Nikipanda na mzigo wa ndagala na mawese kwenda Gitega, kwa muda wa dakika 15 ilikwenda bila neno. Halafu nguvu ilianza kupungua kidogo kidogo, kama mtu anayewekewa mkono kifuani. Nilikanyaga mpaka chini, lakini ilikuwa kama sikukanyaga kitu. Gia ya tatu, gia ya pili, mwisho gia ya kwanza, na malori yakinipita. Nikisimama pembeni dakika kumi, ilipona. Nikiteremka, sikuona kasoro yoyote. Fundi wa kwanza alisema ni pampu ya nozeli. Ikafunguliwa, ikapimwa, ikarudishwa, na fedha niliyolipa ingetosha karo ya watoto wawili kwa mwaka mzima. Safari ya kwanza baada ya matengenezo hayo, gari likachoka mahali palepale.

Ndipo nilipokwenda Buyenzi kwa fundi mmoja mzee. Nikamwambia, “Mzee, wenzako wamesema pampu imekufa.”

Akanijibu, “Mwanangu, pampu iliyokufa hufufuka baada ya dakika kumi?”

Hakuchukua spana. Aliniagiza nikanunue daftari.

Kabla sijaeleza daftari lilikuwa la nini, natazama kwanza jinsi injini hii inavyokula. Injini ya petroli huwashwa kwa cheche ya plagi. Ya dizeli haina cheche. Pistoni huibana hewa tupu. Katika 3L hewa iliyojaa silinda hubanwa mpaka ikae katika nafasi iliyo ndogo mara 22, na kwa kubanwa huko hupata joto la zaidi ya digrii 500. Hapo ndipo nozeli inapopuliza mazutu (wenzetu wa Kenya na Tanzania wanayaita dizeli, lakini mimi nitatumia neno letu, ili dizeli iwe injini na mazutu yawe chakula chake), nayo huwaka papo hapo kwa joto la ile hewa. Hii ndiyo kazi aliyoifikiri Rudolf Diesel, ambaye injini yake ilifanya kazi barabara mwaka 1897 katika mji wa Augsburg, Ujerumani. Basi unapokanyaga pedali huifungulii injini hewa, kama katika petroli, bali unaiagiza pampu ipulize mazutu zaidi. Injini ya dizeli yenye hewa ya kutosha na isiyopata mazutu ya kutosha haigombi wala haitoi moshi. Inachoka tu.

Na mazutu hayo yanatoka mbali. Yako ndani ya tangi, nyuma. Hupita kwenye chujio dogo la waya lililo mwisho wa bomba la kunyonyea, hupita mpira mfupi, halafu bomba refu la chuma chini ya gari, halafu mpira mwingine, halafu chujio kubwa lenye pampu ya mkono juu yake, ndipo yaingie katika pampu ya nozeli. Katika Hilux hii, na katika magari mengine mengi yenye pampu ya mviringo, hakuna pampu nyingine ya kusukuma mazutu kutoka nyuma. Pampu ya nozeli yenyewe ina kipampu cha mapanga ndani yake kinachonyonya njia yote hiyo, kama mtoto anyonyaye soda kwa mrija mrefu. Yanayozidi hurudi tangini kwa bomba la pili.

Hapa ndipo penye siri, na naomba msomaji atulie kidogo. Mrija ukitoboka, soda haimwagiki. Hewa ndiyo inayoingia, na mtoto hunyonya mapovu. Vivyo hivyo mpira uliopasuka au klipu iliyolegea katika njia ya kunyonyea huenda usidondoshe hata tone moja chini ya gari. Mtu huchungulia, huona pakavu, husema hakuna kinachovuja. Kumbe panavuja kwa kuingia ndani. Tena mrija ukizibwa nusu, anayenyonya polepole hataona tofauti, ila anayenyonya kwa nguvu atakosa pumzi. Injini ikiwa imesimama na kunguruma tu huchoma mazutu kidogo sana; ikipanda mlima na mzigo huchoma zaidi ya mara kumi ya hayo. Kwa hiyo gari lililozibwa nusu litanguruma vizuri sana mbele ya gereji, litazunguka mtaa mzima bila kosa, na litaanguka mlimani.

Sasa daftari. Mzee yule alitaka niandike, kila mara ugonjwa ukija, mambo haya: nguvu imeondoka ghafula au kidogo kidogo, imerudi ghafula au polepole, tangi limejaa au limebaki robo, injini ni ya moto au ya baridi, moshi ni wa rangi gani, na kabla yake nilikuwa nimefanya nini. Nilidhani ni mchezo wa kitoto. Baada ya safari nne niliona kwamba daftari lilikuwa limekwisha kufukuza nusu ya washitakiwa.

Moshi peke yake husema mengi. Mweusi maana yake mazutu yako lakini hewa haitoshi: chujio la hewa limejaa vumbi, au nozeli inamwaga badala ya kupuliza, au, kwa magari yenye tabo, mpira wa tabo umepasuka. Mweupe wenye harufu kali ya mazutu maana yake yameingia lakini hayakuungua. Wa buluu ni oili. Lakini gari likikosa nguvu na nyuma hakuna moshi wowote, tafuta njaa. Langu halikuwa na moshi. Hata hivyo nionye hapa: ukifika Bugarama, hewa ni nyepesi kwa karibu robo kuliko pwani ya bahari, na injini isiyo na tabo lazima idhoofike na kutoa weusi kidogo. Huo si ugonjwa, ni jografia. Udhaifu wa kimo hauji na kwenda ukiwa mahali pamoja.

Jinsi nguvu inavyoondoka nayo ni shahidi mkubwa. Njaa ya mazutu huja taratibu. Kitu cha umeme hukata kama mtu aliyezima taa, na hurudisha vivyo hivyo. Juu ya pampu ya nozeli kuna vali ya kuzimia, yenye waya mmoja. Umeme ukiwapo mlango wa mazutu hufunguka, umeme ukikatika springi huufunga. Waya uliolegea, au swichi ya ufunguo iliyochakaa, huikata injini kwenye shimo la barabara na kuirudisha kabla hujasema neno. Dawa ya kuithibitisha ni rahisi na ya bei ndogo. Chukua taa ndogo ya volti 12, waya wake mmoja ufunge penye kichwa cha vali hiyo, wa pili kwenye chuma cha gari, kisha ilete taa mpaka mbele ya dereva. Nguvu ikikatika na taa ikazimika wakati uleule, mwizi ni umeme. Taa ikiendelea kuwaka, umeme uliofika kwenye vali hauna lawama. Mafundi wengine hupeleka waya moja kwa moja kutoka betri. Kwa jaribio la dakika chache ni sawa, lakini usiuache hivyo, maana siku utakapotaka kuizima injini kwa ufunguo haitakusikia.

Yapo mambo mengine yanayojifanya kuwa ukosefu wa nguvu, nayo yatazamwe mapema kwa kuwa hayagharimu kitu. Breki inayokamata: baada ya kupanda, sogeza mkono karibu na kila gurudumu bila kuligusa, lenye joto kuliko mengine linavutwa. Klachi inayoteleza: injini inalia juu lakini gari haliongezi mwendo. Zulia la miguuni lililojikunja chini ya pedali, au kebo iliyorefuka. Mwenzako akanyage mpaka chini, nawe utazame chini ya boneti kama mkono wa pampu unafika mwisho wake. Usicheke. Nimeona gari lililosumbua miezi miwili kwa sababu ya zulia.

Tulipomaliza hayo, tukaingia katika njia ya mazutu. Kwanza mfuniko wa tangi. Mazutu yanapotoka, hewa lazima iingie kushika nafasi yake. Njia hiyo ikizibwa kwa vumbi, tangi hujivuta ndani na pampu hushindwa kunyonya. Jaribio lake lifanywe wakati gari limechoka, si nyumbani: simama mahali salama, fungua mfuniko, sikiliza. Ukisikia hewa ikiingia kwa mlio mrefu na nguvu ikarudi mara moja, umepona kwa bei ya mfuniko. Mimi nilifungua kwenye kona moja ya juu, na sikusikia kitu.

Pili, chujio kubwa. Chini yake kuna kizibo cha kutolea maji. Katika miaka ile mazutu yalikuwa adimu sana Burundi, watu walilala kwenye foleni, na wengi wetu tulinunua kwenye bidoni kando ya barabara, bila kujua yamepita wapi. Tulifungua kizibo, tukapokea kwenye chupa ya kioo: chini maji, nusu kikombe, juu yake mazutu, na katikati utando mweusi kama matope laini. Utando huo ni viumbe wadogo wanaoota pale maji na mazutu yanapokutana, nao huziba chujio upesi. Maji ni mabaya kwa sababu nyingine pia. Ndani ya pampu hii mazutu ndiyo oili yake, na maji hayalainishi chuma. Tulibadili chujio, tukajaza jipya kwa pampu ya mkono. Safari iliyofuata gari lilichoka tena, lakini sasa baada ya dakika 25. Hapo fundi wa haraka angesema chujio halikuwa na kosa. Mzee alisema, “Umeliondoa kosa moja kati ya mawili.” Magari ya zamani mara nyingi huwa hivyo, nayo ndiyo sababu ya kubadili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukibadili vitatu siku moja, hutajua kilichokuponya, na cha nne kikivunjika utarudi mwanzo.

Pampu ya mkono ina lugha yake. Ikibonyezwa na kuchelewa kuinuka, njia iliyo nyuma yake imezibwa. Ikiinuka vizuri lakini haiwi ngumu hata ubonyeze mara mia, kuna hewa. Yangu iliinuka upesi na kuwa ngumu, kama ya gari jipya. Lakini tulikuwa tumesimama, na mkono wa mtu haunyonyi kwa muda mrefu kama injini mlimani.

Basi tukafanya jaribio ambalo kwangu ndilo bora kuliko yote. Gari lenye njia ndefu lazima likatwe nusu, na bidoni ndiyo panga. Tulichukua bidoni safi ya lita kumi, tukaijaza mazutu yaliyochujwa kwa kitambaa, tukaifunga kwa kamba imara ndani ya boneti, mbali na bomba la moshi na feni. Si ndani ya chumba cha dereva, na wala pasiwe na mtu wa sigara karibu. Mpira mmoja unaopenya nuru tuliuunganisha toka bidoni hadi mlango wa pampu, na ule wa kurudishia nao tukauingiza katika bidoni hiyo hiyo. Ukisahau wa kurudishia, bidoni itajimimina tangini nawe utazimika njiani. Tukapanda na mzigo uleule mpaka Bugarama. Gari halikuchoka hata mara moja, na katika mpira ule hatukuona povu. Kwa saa moja na nusu tu tulijua kwamba pampu, nozeli na injini yote havikuwa na hatia. Ile fedha ya kwanza ilikuwa imelipwa bure.

Siku ya pili tuliirudisha bidoni nyuma kituo kimoja: tukaunganisha kabla ya chujio kubwa. Gari likapanda vizuri. Siku ya tatu tukaunganisha chini, kwenye mpira ulio karibu na tangi, hata bomba refu la chuma likaingia katika mtihani. Likapanda vizuri vilevile. Kilichobaki kilikuwa tangi. Tukaliteremsha, tukamimina mazutu yote, na pamoja nayo ikatoka karatasi ya nailoni, laini, kubwa kama kiganja. Mwenye kuuza kwa bidoni huweka nailoni chini ya kifuniko ili isivuje. Siku moja moja ilidondokea ndani, na mimi nikainunua pamoja na mazutu. Ilikuwa ikielea tangini. Nikipanda na pampu ikinyonya kwa nguvu, ilivutwa polepole mpaka ikalifunika chujio la waya. Nikisimama, mvuto ukaisha, ikabanduka na kwenda zake. Ndiyo maana dakika kumi za kupumzika zilitosha, na ndiyo maana katika mteremko sikuona kasoro. Laiti ningalipiga hewa katika bomba kutoka mbele, kama fundi wa pili alivyotaka, ingalibanduka, gari lingalipona siku mbili, naye angalisifiwa.

Niongeze neno juu ya yale tusiyoyagusa. Muda wa kupuliza, nafasi za vali na mbano wa silinda hudhoofisha injini, lakini huidhoofisha siku zote, asubuhi na jioni, mlimani na tambarare. Gari linalopona lenyewe halina haja ya kufunguliwa kichwa. Wala mtu asitafute nozeli inayovuja kwa kidole huku injini ikinguruma. Mazutu hutoka hapo kwa shinikizo la zaidi ya mara mia la hewa tuliyomo, nayo hupenya ngozi. Jeraha huonekana dogo, lakini lataka hospitali siku ileile.

Tulisafisha tangi, tukarudisha mipira. Tangu hapo pikapu hupanda bila kupumzika. Lakini kila asubuhi ikawa ngumu kuwaka, ikizungushwa mara tatu nne na kutetemeka kabla ya kutulia. Nikamrudia mzee nikiwa na hofu. Akaweka tena ule mpira unaopenya nuru kati ya chujio na pampu, akaniambia niwashe, na tukaona mapovu madogo yakipita kama shanga, moja baada ya jingine, bila kukoma. Tulipoteremsha tangi tulikuwa tumerudisha klipu ya zamani kwenye mpira wa nyuma, nayo haikukaza. Usiku kucha mazutu yalirudi tangini, na asubuhi injini ilikuwa ikinyonya upepo. Tuliweka klipu mpya, tukatoa hewa kwa pampu ya mkono, na mapovu yakaisha.